Shule ya Kumi Bora, au Shule ya Mtoto Wako?



Kijana mwenzangu, likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Sitalike. Baada ya Misa ya Jumapili mama mmoja wa jumuiya yetu alinisubiri nje ya kanisa, simu mkononi. Nikamwamkia. Akaitikia haraka haraka, kisha akasema: "Frateri, wewe umesoma. Hebu niangalizie hapa, kati ya hizi shule ipi ni ya ngapi kitaifa? Mtoto kafaulu la saba, na baba yake anataka tuuze mpunga wote tumpeleke ya juu kabisa."

Orodha aliyonionyesha ilikuwa imetumwa WhatsApp. Haikuwa na mwaka wala jina la aliyeitengeneza. Sikumjibu palepale, maana swali lake liligusa kidonda cha nyumbani kwetu. Leo namjibu yeye, na wewe pia ambaye kesho utakuwa mzazi.

1. Orodha ilitoka wapi

Kwa miaka mingi Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne, wengi tulisubiri kitu kimoja: shule kumi bora. Shule zenye watahiniwa 40 na zaidi zilishindanishwa peke yake, na zile zenye wachache peke yake. Majina tuliyazoea: St. Francis Girls ya Mbeya, Kemebos ya Kagera, Feza Boys ya Dar es Salaam. Na tuseme ukweli, sisi Wakatoliki tulitembea kifua mbele shule ya Kanisa ilipotajwa. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo, siwezi kujisafisha.

Januari 2023, wakati wa kutangaza matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, aliyekuwa Kaimu Katibu Mtendaji wa NECTA, Athumani Amasi, alisema utaratibu huo umefutwa. Hoja ilikuwa kwamba wanafunzi hawasomi katika mazingira yanayofanana, na kwamba kuzitaja shule hivyo ni kama kuzipigia debe. Lakini orodha haikufa. Ilihamia kwenye mabango ya barabarani na kwenye makundi ya WhatsApp, na huko hakuna wa kuulizwa imetengenezwaje.

2. Namba inapima nini hasa?

Katika falsafa tunafundishwa kutenganisha ishara na sababu. Moshi ni ishara ya moto, lakini moshi hauwashi moto. Sasa, shule ikishika nafasi ya kwanza, hiyo ni ishara ya kitu fulani. Kitu gani? Huenda walimu wanafundisha vizuri. Huenda pia watoto walichujwa kabla hawajaingia darasani. Mara nyingi ni yote mawili.

Tuchukue mfano wa kubuni. Shule A inapokea watoto 80 kidato cha kwanza, wote wamechujwa kwa mtihani wa kujiunga. Miaka minne baadaye wanaofanya mtihani wa taifa ni 50, na wote wanapata Divisheni I. Shule B inapokea watoto 80 bila kuwachuja. Wanaofanya mtihani ni 78: 20 wanapata Divisheni I, 50 wanapata II na III, na 8 wanapata IV.

Kwenye orodha, Shule A iko juu mbali sana. Lakini uliza: wale 30 wako wapi? Orodha haiwahesabu. Kwa orodha, ni kama hawakuwahi kuzaliwa. Na mzazi anayelipa ada leo hajui kama wa kwake atakuwa kati ya 50 au kati ya 30.

Hapa nisieleweke vibaya. Sisemi matokeo hayana maana. Shule ambayo kila mwaka zaidi ya nusu ya watoto wanapata sifuri ina tatizo, na sala peke yake haitaziba pengo la mwalimu wa hesabu asiyekuwepo. Ninachosema ni kwamba nafasi kwenye orodha ni jibu la swali la shule: "Tumewashinda wangapi?" Swali la mzazi ni lingine: "Huyu wangu mtamfikisha wapi?"

3. Kidonda cha nyumbani

Baba yangu mdogo aliuza ng'ombe wake wawili wa plau ili mwanawe asome shule iliyokuwa inasifiwa sana, mbali na Katavi. Kijana alikuwa wa kwanza darasani kwao. Kule akajikuta wa mwisho. Kidato cha pili mtihani wa taifa alifaulu, lakini hakufikisha wastani wa shule. Wakaambiwa watafute pengine.

Alirudi Sitalike na tranka lake. Msimu ule baba mdogo alilima kwa jembe la mkono. Lakini kilichoniuma zaidi ni mdogo wangu. Aliacha kuimba kwaya. Alikuwa anashinda kule mtoni Katuma akiangalia viboko, hataki kusemeshwa. Siku moja akaniambia, "Kaka, mimi ni hasara." Miaka 15, na tayari ameshajipigia hesabu na kujiona hasara.

Alimalizia sekondari ya kata. Akapata Divisheni III, na leo anasoma kilimo ngazi ya stashahada. Mtoto ni yule yule. Kilichobadilika ni kwamba kulikuwa na mwalimu aliyemkalisha jioni na kumwelekeza alipokwama.

4. Tusome Injili

Fungua Mathayo 25:14-30, mfano wa talanta. Tunapenda kuhubiri habari za yule aliyefukia. Leo mwangalie yule wa katikati, aliyepewa mbili akaleta mbili nyingine. Aliyepewa tano alileta tano zaidi. Kwa orodha yetu, wa tano ni wa kwanza na wa mbili ni wa pili. Lakini soma taratibu maneno ambayo bwana anamwambia kila mmoja, mstari wa 21 na wa 23. Ni yale yale! Hakuna aliyesifiwa zaidi. Bwana hakuuliza nani ameleta nyingi, aliangalia kila mmoja amefanya nini na alichopewa.

Na yule aliyefukia, kwa nini alifukia? Aliogopa hasara. Shule inayomwondoa mtoto dhaifu ili jina lake lisishuke inaogopa kitu kile kile. Imekabidhiwa talanta, ikaona ni salama zaidi kutohangaika nayo.

Mkumbuke pia Mtakatifu Yohane Maria Vianney. Kilatini kilimshinda mpaka akaondolewa seminari kule Lyon. Padre Balley alimchukua na kumfundisha kwa uvumilivu, akapadrishwa mwaka 1815. Leo ndiye msimamizi wa maparoko. Kwa wastani wa shule, tungemkosa.

5. Basi mzazi afanye nini?

Mama yangu wa Sitalike, haya ndiyo majibu yangu:

- Usiulize nafasi, uliza idadi. NECTA huweka matokeo ya kila shule kwenye tovuti yake. Mwambie kijana wako afungue matokeo ya kidato cha nne ya shule hiyo, kisha ya kidato cha pili miaka miwili nyuma. Ni darasa lile lile. Kama walikuwa 80 na sasa ni 50, waulize shule wengine walikwenda wapi. Inawezekana wapo waliohama kwa sababu zao, lakini swali ni halali.
- Uliza kabla ya kulipa: "Mtoto asipofikisha wastani wenu, mnamfanyia nini?" Jibu likiwa "anahama", umeshajua.
- Piga hesabu ya miaka minne. Usiangalie ada ya muhula wa kwanza tu.
- Kaa na mtoto mwenyewe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 kuhusu elimu ya Kikristo, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza. Shule inakusaidia kulea, haichukui nafasi yako.

Maswali ya kutafakari

1. Je, nimewahi kujipima thamani yangu kwa divisheni niliyopata?
2. Darasani kwangu, nani anafukiwa, na mimi nimemsaidia nini?
3. Nikiwa mzazi, nitauza ng'ombe kwa ajili ya mtoto, au kwa ajili ya jina?

Tusali

Ee Bwana, wewe unatujua kabla hatujapewa namba ya mtihani. Wape wazazi wetu hekima ya kuchagua, walimu wetu uvumilivu, na sisi vijana moyo wa kuzalisha kile ulichotupa. Wakumbuke wote waliorudi nyumbani na tranka zao, wajue kwamba kwako hakuna mtoto aliye hasara. Amina.