Darsa ya Nikahi: Kumdhamini Mke Aliye Mbali



Ndugu zetu Waislamu wa pwani, darsa ya mara hii haikutoka kitabuni peke yake. Imetokana na swali tuliloulizwa tulipokwenda bara kuwazuru ndugu zetu wa Embu na Meru. Tulilala Embu usiku mmoja, kisha tukafuata njia ya Runyenjes, Chuka na Nkubu hata tukafika mji wa Meru. Huko, katika mtaa wa Majengo, baada ya sala ya alasiri, mzee mmoja alikaa mbele yetu akatuambia maneno haya:

"Masheikh, nilimuozesha binti yangu kwa kijana wa mji wenu wa Mombasa aliyeko Uingereza. Nikahi ilipita hapa kwa wakala. Mwaka uliofuata kijana alikuja, akakaa na mkewe mwezi mmoja, kisha akarudi. Leo ni mwaka wa nne. Kila nikiuliza naambiwa serikali ya huko yataka mshahara ambao yeye hajaufikia. Je, huu ni udhuru wa sharia? Na binti yangu ni mke, au ni mtu aliyetundikwa?"

Swali hili lilitutia haya, kwa kuwa kijana ni wetu na anayedhulumika, ikiwa yuko, ni mtoto wa wenyewe waliotupokea kwa wema. Wala hatukumjibu papo hapo. Mwenye kutoa fatwa hana budi kujua sharia, na kujua pia jambo lenyewe lilivyo huko lilikotokea. Na sisi tulijua la kwanza, la pili tulilijua nusunusu. Basi tulirudi kutazama.

Tuliyoyaona ni haya. Mtu aliyepata ukaazi wa Uingereza akitaka kumleta mkewe huwa ni mdhamini wake, naye hutakiwa aonyeshe pato la kumtosha pasi na kuitegemea serikali. Kuanzia 9 Julai 2012, pato hilo liliwekwa pauni 18,600 kwa mwaka. Na kuanzia 11 Aprili 2024 likapandishwa kwa maombi mapya kuwa pauni 29,000. Mke naye hutakiwa ajue Kiingereza kidogo kwa mtihani. Akikubaliwa hupewa ruhusa ya miaka miwili na miezi tisa, kisha huiomba tena, na ukaazi wa daima hauombi ila baada ya kutimia miaka mitano. Kila ombi lina ada yake, nayo si ndogo.

Wazee wa Embu na Meru hawalioni jambo hili kuwa geni sana. Katika miaka ya hali ya hatari, tangu Oktoba 1952 hata Januari 1960, wao pamoja na Wakikuyu walikuwa hawatoki kwao kwenda mji mwingine ila kwa pasi, na mume na mke waliweza kutengwa na karatasi ndani ya nchi moja.

Basi kijana wetu hakusema uwongo. Sheria hiyo ipo, na kwa maoni yetu ni nzito kwa mtu mnyonge, lakini nchi ni ya wenyewe na aliyeingia kwa ahadi huishika ahadi. Walakini udhuru wake wafika mahali pamoja tu. Wamwondolea lawama ya kutomchukua mkewe. Haumwondolei nafaqa, yaani masurufu ya mke: chakula, nguo na makao. Na hapa ndipo vijana wengi wanapochanganya mambo mawili, wakadhani kuwa mke asiyefika nyumbani kwao hana haki mpaka afike.

Katika madhehebu yetu ya Kishafi, mke aliyejitoa kwa mumewe nafaqa yake ni wajibu, na safari ya mume haiivunji, kwa kuwa aliyeondoka ni yeye. Tena nafaqa ya mke haifi kwa kupita siku. Nafaqa ya mzazi ikipita imepita, lakini ya mke hubaki ni deni shingoni mwa mume, mwezi juu ya mwezi, hata kama hapana kadhi aliyeihukumu. Binti wa mzee wetu alikaa na mumewe mwezi mzima kwa ridhaa yake, naye yu tayari kumfuata hata leo. Kwa hiyo kila siku iliyopita tangu hapo bila ya kuletewa kitu imeandikwa.

Ama yule ambaye mumewe hajawahi kufika kwake tangu nikahi, huyo naye ana njia, na imeelezwa wazi katika Minhaj ya Imam Nawawi. Mke hujionyesha kwa kadhi wa mji wake kuwa yu tayari. Kadhi humwandikia kadhi wa mji aliko mume ili amjulishe, apate kuja au kuweka wakala. Ukipita muda ambao angaliweza kufika naye asifanye kitu, kadhi humpasishia nafaqa. Tazameni jinsi wanavyuoni walivyolifikiri jambo hili zama ambazo barua ilikwenda kwa ngamia na jahazi. Sisi ambao pesa zetu huvuka bahari kwa simu kabla chai haijapoa tuna hoja gani?

Huenda akasema: mimi ni maskini huko, ndiyo sababu nikanyimwa ruhusa. Twamwambia kuwa sharia haikumtaka alipe kama tajiri. Kwa Mashafi nafaqa hupimwa kwa hali ya mume: mwenye wasaa hutoa mudi mbili za chakula kila siku, wa kati mudi moja na nusu, na mwenye dhiki mudi moja. Asiyefikia pauni 29,000 kwa mwaka si lazima awe amefilisika. Ni mtu anayelipa kodi ya nyumba London, akala, akavaa, akanunua simu mpya; mtu huyo hawezi kusema kwamba ameshindwa na kibaba cha unga Meru.

Kuna na haki nyingine isiyolipwa kwa fedha. Yasimuliwa kuwa Sayyidna Umar, Mungu amwie radhi, alimsikia usiku mwanamke mmoja akimlilia mumewe aliyekuwa jihadini, akamwendea binti yake Hafsa kumuuliza mwanamke aweza kustahimili muda gani bila ya mume. Kwa jawabu lake akaamrisha askari wasiwekwe mbali na wake zao zaidi ya miezi. Riwaya moja yasema minne, nyingine sita. Wale walikuwa wakipigana kwa ajili ya dini. Wanavyuoni wa Kimaliki wamempa mke njia ya kufunguliwa akidhurika kwa ghaiba ndefu. Mashafi wametazama zaidi mume kushindwa na nafaqa. Kwa vyovyote, mlango wa kadhi hauko wazi kwa wanaume peke yao, na mzazi asimfungie bintiye mlango huo kwa kuogopa maneno ya watu.

Sasa twaja kwenye jambo lililotutisha zaidi ya hayo. Tulipokuwa tukiulizauliza tulisikia hila watu wanazoambizana. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1988, mke wa pili hapewi ruhusa ya kuingia ikiwa mke mwingine wa mume huyo amekwisha kuingia kwa ukewe. Marekani haimpokei ajaye kwa nia ya kuishi na wake wawili. Basi mtu mwenye mke wa kwanza huenda akamwambia, "Nitakuacha kwa karatasi tu, moyoni hujaachika," ili apate kumdhamini wa pili.

Ewe ndugu, talaka si mchezo wa afisini. Mwenye kulitamka neno la wazi la talaka kwa mkewe, akijua maana yake na kukusudia kulitamka, talaka imepita, hata akisema alikuwa akifanya mzaha. Hayo yamethibiti katika hadithi mashuhuri ya mambo matatu ambayo mzaha wake ni kweli. Akiwa ameandika bila ya kutamka, kwa Mashafi maandishi ni kinaya na hutazamwa nia yake. Na akiulizwa na karani, "Je, umemwacha mkeo?" akajibu, "Naam," kwa kutoa khabari, hilo ni ikirari: kwa dhahiri huhukumiwa kuwa amemwacha, na baina yake na Mola wake, ikiwa amesema uwongo, mke angali mkewe. Fikirini basi hali ya mwanamke huyo. Kwa kadhi ameachwa, kwa mumewe hakuachwa. Akiolewa na mwingine ataolewaje, na mume akifa atarithi nini? Yote hayo yametoka katika neno "naam" moja lililosemwa kwa ajili ya viza.

Karibu na hayo ni nikahi ya karatasi, ya wawili wasiokusudia kukaa pamoja ila kumpatia mmoja ukaazi. Wakiweka muda ndani ya akdi, nikahi hiyo ni batili, hapana khilafu kwa Masunni. Wakificha nia, akdi kwa dhahiri husimama, lakini wamebeba uwongo mbele ya serikali waliyoiapia, na mahari, edda na nasabu ya mtoto huingia mahali ambapo hawakupataka.

Twarudi kwa mdhamini wa kweli, maana na yeye yampasa ajue anachotia sahihi. Kanada humtaka mdhamini aahidi kumtazama mkewe kwa miaka mitatu tangu apate ukaazi, na ahadi hiyo haivunjwi kwa kuachana. Marekani nayo hutaka hati ya dhamana ambayo talaka peke yake haiimalizi. Katika sharia yetu nafaqa ya talaka ina mipaka yake na edda ina mwisho wake. Lakini huyu ameongeza ahadi juu ya nikahi kwa hiari yake, na aya ya kwanza ya Sura ya al-Maida yatuamrisha kutimiza mikataba, wala haikusema ni ile tu tuliyofunga na Waislamu. Asidhani kuwa akimaliza kumwacha kwa kadhi amekwisha.

Mke naye asifanywe kipofu. Marekani, akiwa nikahi haijatimia miaka miwili siku anayopewa ukaazi, hupewa wa miaka miwili wenye sharti, kisha yeye na mumewe huomba pamoja sharti liondolewe. Mume mbaya hulifanya sharti hilo fimbo: "Ukinena, nitakurudisha kwenu." Ukweli ni kuwa sheria ya huko imempa mke aliyepigwa au kuteswa njia ya kuomba peke yake. Kanada iliweka sharti la miaka miwili la kuishi pamoja mwezi wa Oktoba 2012, ikaliondoa Aprili 2017. Binti anayetoka Embu au Meru na ayajue haya kabla ya kupanda ndege, na pasi yake ya kusafiria ikae mkobani mwake, si mkobani mwa wakwe.

Limebaki jambo la mawalii, nalo ni la huko bara khasa. Wako mabinti wengi wa Embu na Meru waliosilimu wao na baba zao hawakusilimu. Baba asiye Mwislamu hawi walii wa bintiye Mwislamu, na asipokuwa na walii Mwislamu katika jamaa zake, walii wake ni kadhi. Tulikuta nikahi iliyofungwa kwa rafiki wa bwana harusi kujifanya walii, ati kwa kuwa kadhi yuko mbali. Kadhi yuko Isiolo, nayo si mbali na Meru. Baba huyo naye asipuuzwe. Kumwendea kwa adabu na kumtaka radhi ni katika ihsani, na sisi hatuoni uzuri wa kijana wa pwani kumchukua mtoto wa mtu kama aliyeokota.

Nikahi ikisha ipate cheti. Sheria ya ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 imezitaka ndoa zote ziandikishwe, zetu pia. Barua ya imamu yenye muhuri wa msikiti ni ushahidi mzuri kwa majirani, lakini afisi za ng'ambo hutaka cheti. Na cheti hicho chafaa hata kwa safari ya kinyume chake. Kabla ya katiba ya 27 Agosti 2010, mke mgeni wa mwanamume wa Kenya alikuwa na njia ya kuandikishwa uraia, na mume mgeni wa mwanamke wa Kenya hakuwa nayo. Leo wote wawili ni sawa: ukaazi wa daima huweza kuombwa baada ya miaka mitatu ya ndoa, kwa sheria ya 2011, na uraia baada ya miaka saba. Basi mwanamke wa Embu aliyeolewa na Mtanzania au Mhabeshi hana haja ya kuficha mume.

Mzee wetu tulimpelekea jawabu kwa mkono: kwamba binti yake ni mke kamili, kwamba udhuru wa mshahara wakubaliwa kwa safari tu, kwamba nafaqa ya miaka yote ni deni, na kwamba aende Isiolo na shahidi wawili wa nikahi. Amekwenda. Sisi huku tulimwendea ami yake kijana, tukamsomea barua ile ile. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza ni kiasi gani kwa mwezi, nasi tukamjibu kuwa hilo ni la kadhi kulikadiria, lakini hakukatazwa mtu kuanza kabla ya kuhukumiwa. Mwezi uliopita binti amepokea masurufu ya kwanza. Ya nyuma bado.

Maswali mawili tuliyoletewa kutoka Runyenjes, juu ya mahari iliyoahirishwa, tutayajibu katika darsa ijayo, inshallah.