Kuweka Nguzo Nyingine ya Usukani Katika Lori la Zamani

Hapa Mulongo, ukingoni mwa mto Lualaba, lori la kale halitunzwi kwa fahari wala kwa maonyesho, bali kwa sababu lingali na kazi ya kubeba samaki, mihogo na abiria. Na kwa kuwa vipuri vya kutoka Lubumbashi huja kwa reli mpaka Bukama, ambako gari-moshi lilifika tangu mwaka 1918, kisha huteremshwa mtoni kwa mashua, fundi wa huku aghalabu hushawishika kulehemu kile kilichostahili kubadilishwa. Mintarafu ya usukani, ushawishi huo ni wa kukataliwa kabisa, nami nitaeleza jinsi nilivyoiweka nguzo nyingine katika Chevrolet ya mwaka 1951, ili mwenye lori la namna hiyo apate njia ya kufuata.

Katika malori hayo mtaimbo wa usukani ni kipande kimoja kilichonyooka kutoka mikononi mwa dereva mpaka ndani ya boksi la usukani, hata gari likigonga mti na boksi likasukumwa nyuma, mtaimbo humjia dereva kifuani kama mkuki. General Motors ilianza kuweka nguzo zinazojikunja katika magari yake ya mwaka 1967, na niliyoipata mimi, pamoja na boksi lake, ilitoka katika gari la Chevrolet la miaka ya 1970.

Kwanza nilifungua betri, nikayanyoosha magurudumu ya mbele, nikaung'oa usukani kwa chombo chake maalumu, si kwa nyundo, kisha nikautoa mtaimbo wa zamani pamoja na boksi lake. Boksi la nguzo mpya lilipokwisha kufungwa kwenye chasi, nililizungusha polepole toka mwisho mmoja hadi wa pili, nikihesabu mizunguko, kisha nikalirudisha nusu yake, kwani hapo ndipo katikati yake, na ndipo usukani unapofungwa ukiwa umenyooka. Nguzo yenyewe haivumilii kugongwa: ndani yake mna pini za plastiki zilizokusudiwa kukatika siku ya ajali, hivyo anayeipiga ili iingie mahali pake huimaliza kinga hiyo kabla ya safari ya kwanza. Niliketi kitini, nikaipima nguzo kwa urefu wa mikono ya dereva, nikavifunga vishikizo vya chini ya dashibodi na vya sakafuni bila kuvikaza, mpaka viungo vya kardani, vinavyoiunganisha nguzo na boksi, vilipokaa sawa.

Viungo hivyo vinahitaji hadhari kubwa kuliko vyote. Mikono ya viungo viwili iliyoshika mtaimbo wa kati sharti ilingane, ama sivyo usukani utakuwa mwepesi na mzito kwa zamu katika kila mzunguko. Pembe ya kiungo kimoja sikuiacha ipite nyuzi 30. Na panapohitajiwa kiungo cha tatu, mtaimbo wa kati lazima ushikwe kwa beringi iliyofungwa imara kwenye chasi. Kila skrubu niliichimbia kishimo katika mtaimbo, nikaifunga kwa nati yake ya pili.

Ama nyaya, lori hilo lilitoka kiwandani na umeme wa volti 6, nami nilikuwa nimekwisha kuligeuza kuwa la volti 12. Asiyeligeuza na ajue kwamba taa ya wati zile zile huvuta mkondo maradufu kwa volti 6, hivyo anahitaji nyaya nene zaidi. Katika nguzo za General Motors za wakati huo, samawati nyepesi ni ishara ya mbele kushoto, buluu iliyokoza mbele kulia, manjano nyuma kushoto, kijani iliyokoza nyuma kulia. Zambarau hutoka kwenye kimeteshi cha ishara, hudhurungi kwenye kile cha tahadhari, na nyeusi huiunganisha rilei ya honi na bodi la gari. Waya mweupe hutoka kwenye swichi ya breki, na lazima upite ndani ya nguzo, kwa sababu taa ile ile ya nyuma hutumika kwa breki na kwa ishara; anayeupeleka moja kwa moja kwenye taa ataona pande zote mbili zikimeta pamoja. Hata hivyo gari lililopita mikononi mwa mafundi wengi haliaminiki kwa rangi, hivyo kila waya niliupima kwa taa ya kupimia kabla ya kuuunga, na kila njia nikaiwekea fyuzi.

Mwishowe niliinua magurudumu ya mbele, nikazungusha usukani pande zote mpaka mwisho, nikihakikisha kwamba mtaimbo haugusi bomba la moshi wala waya wowote. Ndipo nikaliendesha lori polepole mahali tambarare, nikarudi kukagua kila nati.

Mafundi wenzangu, abiria wanaopanda juu ya magunia wametupa roho zao amana. Mtaimbo wa usukani uliovunjika msiulehemu. Lisimamisheni lori, mkaingoje mashua ya Bukama.