Kisu cha Kambini kwa Kijana: Mnunuzi Aangalie Nini

Likizo zinapokaribia, vijana wa skauti na wanafunzi wanaojiandaa kwenda kambini au kupanda milima huanza kuomba vifaa, na kisu hakikosekani katika orodha yao. Mzazi, mjomba au shangazi aingiapo dukani hukuta visu vingi vimepangwa ndani ya kabati la kioo, naye mara nyingi huvutwa na kile kilicho kikubwa, kinachong'aa na chenye meno mgongoni. Katika somo hili tunaeleza kwa nini kisu cha namna hiyo kwa kawaida hakimfai kijana, na jinsi ya kukitambua kinachomfaa kabla ya kulipa.

Lipo swali linalotangulia duka. Je, kijana huyu amepata kufanya kazi na kitu chenye makali? Aliyekulia shambani ameshika panga tangu utotoni na anajua kusimama mbali na mwenzake anayefyeka. Aliyekulia mjini huenda hajawahi kukata zaidi ya kitunguu. Umri wao waweza kuwa mmoja, lakini zawadi inayowafaa si moja. Na ikiwa wewe si mzazi wake, zungumza na mzazi kwanza. Kisu si zawadi ya kumshtukiza mwenye nyumba.

Cha kukunja au kisichokunjwa?

Wanunuzi wengi huamini kwamba kisu cha kukunja ni salama zaidi kwa kuwa makali yake hufichika. Kwa mtu anayejifunza, maoni yetu ni kinyume. Jeraha la kuogopwa katika kisu cha kukunja hutokea pale kijana anapotoboa gome au kuchokonoa mti kwa ncha, nao ubapa ukamrudia na kufunga juu ya vidole vilivyoshika mpini. Kisu kisichokunjwa hakina kiungo, hivyo ajali ya aina hiyo haiwezi kutokea.

Visu vya kukunja navyo havifanani. Vile vidogo vyenye zana nyingi, ambavyo Victorinox ya Uswisi, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1884, imevifanya vijulikane duniani kote, mara nyingi huzuiwa na springi peke yake. Ubapa ukisukumwa kwa nguvu kutoka mgongoni, hujifunga. Hiyo si kasoro, ndivyo ulivyokusudiwa, na kwa kukata kamba au kufungua kopo springi inatosha. Vipo vingine vyenye bamba jembamba la chuma ndani ya mpini, ambalo huruka na kuuzuia ubapa ukishafunguka. Hivi ni imara zaidi vikiwa wazi, lakini ili kuvifunga kidole gumba hulazimika kulisukuma bamba kikiwa katika njia ya makali, na hapo ndipo wanaojifunza hujikata. Kampuni ya Opinel ya Ufaransa, tangu mwaka 1955, hutumia pete inayozungushwa shingoni mwa mpini. Njia hii huviweka vidole nje ya hatari, ilimradi kijana akumbuke kuizungusha kila anapofungua kisu. Akisahau, hana kizuizi chochote.

Kwa hiyo, kwa kijana wa miaka 12 hadi 15 anayekwenda kuchonga vijiti na kukata kamba, tungechagua kisu kifupi kisichokunjwa: ubapa wa sentimita 8 hadi 10, makali upande mmoja tu, na kikingio mbele ya mpini kinachozuia vidole visiteleze hadi kwenye makali. Huko Mora, nchini Uswidi, ambako kazi ya kutengeneza visu ni ya kale, hutengenezwa visu vya watoto vyenye kikingio pande zote mbili na vingine vyenye ncha ya mviringo. Majina haya tunayataja ili kueleza miundo, wala hatumhimizi mtu kununua chapa fulani. Mhunzi wa mtaani anayefua visu kutokana na springi za gari aweza kukutengenezea kisu bora kuliko vingi vya kabatini, ukimwonyesha kipimo na kumwomba aweke kikingio.

Kukikagua kisu dukani

Mwombe muuzaji akitoe kisu kabatini. Kwanza kishike mpini. Unapaswa kuujaza mkono wa kijana, si wako, na usiwe laini kama kioo, kwa maana mkono wenye jasho au maji utateleza. Uliza chuma cha ubapa kimeingia ndani ya mpini kwa urefu gani. Tangu filamu ya First Blood ya mwaka 1982 ilipoonyesha kisu chenye mpini ulio wazi ndani, wa kuhifadhia vibiriti na ndoana, masoko yamejaa nakala zake za bei nafuu. Katika nyingi ya nakala hizo ubapa umeshikwa na skrubu fupi tu, nao hukatikia hapo hapo mtumiaji anapouegemea. Ukiona mfuniko wa kufungua mwishoni mwa mpini, kirudishe kisu kabatini.

Kisha ala. Kiingize kisu ndani yake, kigeuze kichwa chini juu ya meza na ukitikise. Kikidondoka dukani, kitadondoka kijana akikimbia. Ala ya ngozi laini au kitambaa hupendeza, ila ncha huweza kuipenya. Kwa mwanzo, ya plastiki ngumu ni bora. Ikiwa kisu ni cha kukunja, kifungue, ukishike mpini kwa ubavuni ili vidole visiwe katika njia ya makali, halafu usukume mgongo wa ubapa taratibu kwenye ukingo wa meza. Kizuizi kikiachia, au ubapa ukicheza kushoto na kulia, usinunue.

Rangi ina maana kuliko inavyodhaniwa. Mpini wa kijani au wa mabaka ya kijeshi hupotea nyasini siku ya kwanza. Mwekundu au wa machungwa huonekana.

Kuhusu chuma, wakazi wa Tanga, Dar es Salaam, Mombasa na pwani nzima wajue kwamba hewa ya chumvi hula chuma cha kaboni upesi usipokikausha na kukipaka mafuta. Chuma kisichoshika kutu, chenye kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, huvumilia zaidi uzembe wa kijana. Ongeza kinoo katika zawadi. Kisu butu hutaka nguvu, na nguvu ndiyo inayokiponyosha kisu kutoka kwenye kuni hadi kwenye paja.

Haki yako na wajibu wako

Nakala bandia za visu vyenye majina makubwa ni nyingi. Kwenye kisu halisi jina la mtengenezaji huwa limepigwa chapa waziwazi chini ya ubapa, na zana zake hufunguka bila kukwaruzana. Jina lililokosewa herufi, au bei iliyo chini mno kuliko maduka mengine, ni sababu ya kutosha ya kuondoka. Dai risiti ya EFD. Tangazo la ukutani lisemalo kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi haliondoi haki yako bidhaa inapokuwa na kasoro. Kizuizi kikivunjika au mpini ukilegea katika matumizi ya kawaida, acha kukitumia kisu, usijaribu kukitengeneza mwenyewe, kifunge ndani ya boksi lake na ukirudishe pamoja na risiti. Muuzaji akikataa, leta malalamiko kwetu kwa maandishi ukiwa na vitu hivyo viwili.

Mweleze kijana, kabla hajakipokea, mahali ambapo kisu hakiendi: shuleni, uwanja wa mpira, sokoni, na ndani ya ndege katika mzigo wa mkononi. Kanuni ya Adhabu humtia hatiani mtu anayetembea hadharani na silaha bila sababu halali kwa namna ya kuwatia watu hofu, na askari aliyeko barabarani hatajua kwamba kilikuwa zawadi. Kisafiri ndani ya begi kikiwa katika ala yake, na nyumbani mzazi akitunze mpaka safari nyingine.

Siku ya kukikabidhi, keti naye nje kwa saa moja. Anyooshe mkono wenye kisu kilicho ndani ya ala na azunguke. Mtu yeyote akiwa ndani ya duara hilo, kisu hakitoki. Akate kuelekea nje ya mwili wake, ameketi, viwiko vikiwa mbele ya magoti. Kumpa mwenzake, aweke kisu chini, mwenzake akiokote.