Mlevi wa Ploti: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Orodha hii ni ya watu wa ploti: mke, mama, kaka, jirani wa ukuta wa mabati, na mlevi mwenyewe asubuhi ambayo akili imemkaa sawa. Nimeiandika nikifikiria Kibera na Kawangware, kuanzia Laini Saba hadi Gatina, ambako kibarua hulipwa jioni na kwa mama pima, muuza pombe ya kienyeji, ni karibu kuliko nyumbani. Anayetaka kubembelezwa atafute kwingine.

Usiulize kama ulevi ni ugonjwa ili upate pa kukwepea. Mke huuliza apate kumlaumu mume. Mume huuliza asilaumiwe. Chama cha Madaktari cha Marekani kiliutambua ulevi kuwa maradhi mwaka 1956, na Shirika la Afya Duniani limeuweka utegemezi wa pombe katika orodha yake ya magonjwa. Wapo wanaopinga. Mwanafalsafa Herbert Fingarette alichapisha kitabu kizima mwaka 1988 kulikana jambo hilo, akidai kwamba hata mlevi sugu hupunguza au kuongeza kulingana na hali aliyomo. Ana hoja, na ushahidi wake upo Kibera: ni nadra kukosa kanisa la mabati lenye mzee aliyeacha siku alipookoka na hajagusa tena. Lakini mzee huyo asigeuzwe fimbo ya kumchapia yule ambaye alfajiri hawezi kushika kikombe cha chai bila kumwaga. Pombe ya kila siku hubadilisha ubongo, na karibu nusu ya hatari ya kuwa mlevi hutoka katika damu ya ukoo. Basi ni ugonjwa. Na mgonjwa hutafuta matibabu. Anayesema "mimi ni mgonjwa" kisha akaifuata ndoo ya busaa badala ya kliniki, anatafuta kisingizio.

Usimfungie ndani mtu anayekunywa kila siku ukidhani atakaukia humo. Hapa ndipo mapenzi ya familia huua. Familia hukusanyika Jumamosi, simu inachukuliwa, mlango unatiwa kufuli, na mchungaji anaitwa. Sasa sikiliza. Kifafa huweza kumpata kati ya saa 6 na 48 baada ya glasi ya mwisho. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne huenda akatetemeka mwili mzima, akatokwa jasho, moyo ukaenda mbio, akaona wadudu ukutani na asijue yuko wapi. Mtaa utasema amerogwa. Hajarogwa, mwili uliozoea pombe umenyang'anywa ghafla, na hali hiyo isipotibiwa huua.

Kipimo cha haraka ni hiki: je, hutoa loki, yaani hunywa, kila asubuhi ili mikono itulie? Kama ndiyo, asikate ghafla kabla hajaonwa na daktari. Najua mke mlokole hatapenda kusikia hivyo. Hospitalini atapewa diazepamu kwa siku chache, kipimo kikishushwa polepole, pamoja na vitamini B1, kwa kuwa mlevi asiyekula huweza kuishiwa nayo na ubongo ukaharibika daima. Usiende kumnunulia diazepamu dukani uwe daktari wake. Ikikutana na pombe huweza kuzima pumzi.

Usimtilie dawa kwenye chai. Vibandiko vya "dawa ya kuacha pombe" hubandikwa kwenye nguzo za stima, na wauzaji wake husema mgonjwa hahitaji kujua. Ipo dawa halali iitwayo disulfiramu ambayo humfanya mnywaji atapike, uso uwake na moyo uende mbio akionja pombe. Hutolewa kwa mtu aliyekubali na anayejua asiguse hata tone. Ukimpa kwa siri, jioni atapita kwa mama pima kama kawaida yake, presha itaporomoka, nawe utakuwa umemwekea sumu. Na hicho cha kwenye nguzo huenda hata si disulfiramu.

Mpeleke pa kweli. Aliye Kawangware aanzie kituo cha afya cha Riruta. Wa Kibera ana kituo cha Kibera South na Hospitali ya Mbagathi. Hali ikiwa ngumu, Hospitali ya Mathari, kando ya barabara ya Thika, ina kitengo cha waathiriwa wa pombe na mihadarati. Ukikosa pa kuanzia, piga 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na mihadarati. Mwombe pia mhudumu wa afya ya jamii anayezunguka mtaani kwenu aandamane nanyi. Kumtembelea mgonjwa ni kazi yake, naye akishafika, mlevi hawezi kumwambia "kesho" kama anavyokwambia wewe.

Kabla ya kulipa kituo cha kurekebisha tabia, uliza kama NACADA imekiidhinisha. Uliza pia kama kuna daktari, na siyo mlinzi tu. Kinachofunga watu kwa minyororo au kuwachapa ni jela yenye risiti. Usiuze shamba la ushago kulipia miezi mitatu huku hujui nani atamsubiri mwezi wa nne.

Nenda kwenye mikutano ya AA, tena usikatae kwa sababu ni bure. Watu wetu hawaamini kitu kisicho na bei. Alcoholics Anonymous ilianzishwa mwaka 1935 Akron, Ohio, na Bill Wilson na daktari Bob Smith, wote wawili walevi. Haina ada, haina sajili ya majina, na anayezungumza mbele amewahi kulala mtaroni kama wewe. Mwaka 2020 mtafiti John Kelly na wenzake walikusanya tafiti 27 zenye watu zaidi ya 10,000 wakakuta kwamba, katika kumfanya mtu aache kabisa, njia hii hufanya vizuri sawa na matibabu mengine yaliyozoeleka, na mara nyingi kuyashinda. Mwislamu wa Makina, Kibera, asiogope lugha ya AA ya "nguvu iliyo juu", hakuna atakayembatiza. Mwanamke anayekunywa kwa kujificha aende pia. Wapo wengi, wanaficha chupa kwenye ndoo ya unga.

Usimpe pesa mkononi. Karo ilipwe moja kwa moja shuleni kwa M-Pesa, kodi kwa mwenye nyumba. Mpango huo uwekwe akiwa hajanywa, akubali mwenyewe. Ukimpekua mifuko amelala, utakuwa mwizi kwa hesabu yake, na atakunywa kwa hasira hiyo.

Usimtume mtoto akamnunulie baba. Sina zaidi la kusema hapa.

Anayelalamika haoni vizuri baada ya kunywa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Methanoli, sumu inayotiwa kwenye pombe haramu, huanza kama uchovu wa kawaida wa pombe, kisha saa 12 hadi 24 baadaye macho yanapata ukungu. Maziwa hayasaidii. Kahawa haisaidii. Kulala ndiko kubaya zaidi. Mukuru, Novemba 2000, pombe iitwayo kumi kumi iliua zaidi ya watu 100, na wengine wakabaki vipofu. Februari 2024 ikawa zamu ya Kangai, Kirinyaga: watu 17. Hospitali kuu ya Kenyatta iko karibu na Kibera, bodaboda hufika. Waliokunywa naye nao waende, hata kama wanajiona wazima.

Usishangilie chifu anapomwaga mapipa. Chang'aa, pombe kali ya kienyeji, ilipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1980, na kwa miaka 30 iliendelea kupikwa Kibera kama ilivyopikwa tangu enzi Wanubi wa hapo walipoiuzia Nairobi jin yao. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, iitwayo Sheria ya Mututho, ikaihalalisha kwa masharti: chupa ya glasi isiyopungua mililita 250, hakuna kuuzia walio chini ya miaka 18, hakuna baa ndani ya mita 300 kutoka shuleni. Tafuta mita 300 zisizo na shule Kawangware uniambie. Masharti hayo ni mazuri na yasimamiwe, hasa lile la watoto. Lakini msako hauna dawa ya mtu anayetetemeka. Kesho yake atatafuta kilichofichwa zaidi, yaani kilicho hatari zaidi, na mama pima, anayelipa karo kwa kazi hiyo, ataongeza bei ya hongo kwenye glasi.

Akirudia, usimtupe, na usijifanye hujaona. Mwaka 2000 mtafiti Thomas McLellan na wenzake walionyesha kwamba waraibu hurudia kwa kiwango kinachokaribiana na wagonjwa wa presha na pumu wanaoacha masharti ya daktari. Hakuna anayemfukuza mwenye presha kwa kula chumvi. Arudi kliniki siku hiyo hiyo, si mwezi ujao baada ya matanga ya mjomba. Na matangani asiende, hata mkiambiwa mna dharau. Pombe ya hapo ni ya bure na hakuna anayehesabu.

Mke anayepigwa asikae kwa sababu mume ni mgonjwa. Mzee wa kanisa atamwambia avumilie, mama mkwe atamwambia ni pombe, si yeye. Ngumi ni yake. Achukue watoto, vyeti vya kuzaliwa na kitambulisho, apige 1195, simu ya waathiriwa wa dhuluma za kijinsia, alale kwingine usiku huo. Matibabu ya mume yanaweza kuendelea akiwa peke yake Kawangware na mke yuko kwa dada yake Dagoretti. Mke akipenda amsalimie kwa simu.