SOMO: NJIA YA MIGUU NA BAISKELI KANDO YA MTO

Somo letu ni juu ya njia ndogo. Si barabara ya lami wala ya marram. Ni ile njia ya mama mwenye karai la omena kichwani, ya mwanafunzi, na ya kijana wa baiskeli anayemkimbiza mgonjwa zahanati. Watu wa Busia wanaijua baiskeli vizuri. Ni huko mpakani, miaka ya 1960, ambako jina "boda boda" lilizaliwa. Siku hizi pikipiki zimechukua kazi nyingi, lakini kwenye njia nyembamba baiskeli bado ina nafasi yake.

Tuchukue mfano wa Bunyala, mahali Mto Nzoia unapokaribia kuingia Ziwa Victoria. Nchi ni tambarare. Mto umewekewa matuta makubwa ya udongo ya kuzuia mafuriko. Mvua ikinyesha, juu ya tuta ndipo pakavu, basi kila mtu anapita huko: watu, baiskeli, ng'ombe. Hakuna wa kulaumiwa. Hata wewe ungepita.

Shida inaanza pale njia inapotaka kuvuka tuta kwenda kwenye mtumbwi. Kusukuma baiskeli yenye magunia mawili kupanda tuta si mchezo. Siku moja mtu anachukua jembe, anakwangua kidogo tu. Kesho ng'ombe wanapita hapo hapo, mvua inaosha, matairi yanachimba. Ukirudi baada ya mwaka, pameshuka futi nzima. Mto ukijaa, maji yanapita palipo chini, na yakishaanza kupita yanakula udongo mpaka tuta linafunguka. Matuta ya Nzoia yamepasuka mara kadhaa; mwaka 2020 maelfu ya watu wa Budalang'i walihama makwao kwa sababu ya mafuriko. Sisemi kila mpasuko ulitokana na njia, la. Lakini mkato wa namna hiyo ni mlango tuliouacha wazi sisi wenyewe.

Sasa tufanyeje? Usikate tuta, ongeza udongo. Tengeneza mteremko pande zote mbili. Kama tuta lina kimo cha mita 2, kila mteremko uwe na urefu wa mita 20 hivi, na mtu ataweza kusukuma baiskeli yake yenye mzigo bila kuita msaidizi. Mteremko ulale ubavuni mwa tuta. Ule wa upande wa mto ushuke kuelekea maji yanakokwenda, ili mkondo usiupige usoni.

Udongo utolewe mbali. Wengine huchimba chini kabisa ya tuta kwa sababu ni karibu, halafu wanaacha shimo. Maji ya mto yanapenya chini kwa chini na kutokea hapo. Mwaga udongo kwa tabaka za sentimita 15, shindilia kila tabaka kabla ya kuongeza lingine. Panda nyasi pembeni. Miti hapana: mizizi ikioza inaacha matundu ndani ya tuta. Na kwa kuwa tuta ni mali ya umma, mwone naibu wa chifu na ofisi inayosimamia maji kabla jembe halijaguswa.

Njia yenyewe ikiwa na upana wa mita 2, baiskeli mbili zitapishana bila mmoja kushuka. Katikati painuke kama mgongo wa ng'ombe, sentimita 5 juu kuliko kando, maji yateremke. Mafundi watakuambia ununue marram kwanza. Inasaidia, kweli, lakini marram iliyomwagwa juu ya njia bapa huzama kwenye tope msimu huo huo.

Jambo moja zaidi: kagueni njia wakati wa masika, si Januari. Na msiende wazee peke yenu. Mama wa maji na kijana wa baiskeli wanajua kila dimbwi.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Kwetu, njia inavuka tuta au ukingo wa mto mahali pangapi? Ni wapi pameshuka?

2. Shamba la nani litapoteza kipande kwa ajili ya njia, na je, makubaliano yameandikwa?

3. Mvua ikianza usiku, ni nani atakayekwenda kuangalia tuta, na atamwambia nani?