Unasafiri Ng'ambo? Maswali Kuhusu Kupangisha Nyumba Yako Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Kuanzia Karatina na Nyeri hadi Nanyuki, Embu na Meru, wako wengi waliojenga kwa jasho lao kisha wakapata kazi Qatar au masomo Kanada. Nyumba isiyo na mtu huharibika upesi, na kodi yake inaweza kulipa karo. Maswali yafuatayo huulizwa mara kwa mara, nayo majibu yamefuata sheria za Kenya.

Je, naweza kumwachia ndugu yangu nyumba kwa maneno tu?

Kuita fundi na kupokea kodi, anaweza. Lakini ili atie sahihi mkataba kwa niaba yako au akuwakilishe katika mambo ya ardhi, anahitaji hati ya uwakilishi, yaani maandishi yanayompa mtu mamlaka ya kutenda kwa jina lako. Hati hiyo husajiliwa katika ofisi ya ardhi. Kama umeshaondoka, unaweza kuitia sahihi mbele ya notari, ambaye ni mtu mwenye mamlaka ya kisheria ya kuthibitisha sahihi.

Iandikwe finyu. Itaje kupangisha, kupokea kodi na kukarabati, kisha itamke wazi kwamba hairuhusu kuuza wala kuweka rehani. Hatimiliki yenyewe usimwachie mtu. Ihifadhi benki au kwa wakili. Wapo wanaoona kwamba kumdai ndugu maandishi ni kumtilia shaka. Sisi tunaona maandishi hayo yanamlinda yeye kwanza, siku jamaa wengine watakapouliza pesa zilikwenda wapi.

Mke au mume wangu lazima akubali?

Ndiyo, kama hiyo ndiyo nyumba ya ndoa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka wanandoa wote wawili waridhie kwa maandishi, wakielewa wanachokubali, kabla nyumba hiyo haijakodishwa.

Nasikia mpangaji akikaa miaka 12, nyumba inakuwa yake. Ni kweli?

Hofu hii ina chanzo. Sheria ya Kenya inamruhusu aliyekalia ardhi ya mwingine kwa miaka 12 waziwazi, mfululizo na bila ruhusa, aende mahakamani kudai umiliki. Mpangaji anayelipa kodi yumo kwa ruhusa yako, kwa hiyo miaka yake ya upangaji haihesabiwi hivyo.

Hatari huja pale kodi ilipokoma, hakuna mkataba wa maandishi, na mwenye nyumba amenyamaza miaka na mikaka. Weka mkataba, toa risiti kila mwezi, na usiache deni lilale.

Mkataba uandikweje?

Upangaji usiozidi miaka miwili unaweza kufanywa hata kwa mdomo, ila ukiwa mbali maandishi ndiyo macho yako. Taja kodi, amana inayorudishwa mpangaji akihama, muda wa notisi, na nani analipa maji na umeme. Pigeni picha kila chumba na mnakili usomaji wa mita ya maji siku ya kukabidhiana funguo. Mkataba wa maandishi hulipiwa ushuru wa stempu. Usipolipiwa, mahakama haitaupokea kama ushahidi.

Nyumba yangu iko shambani, na kuna chai.

Eleza kama unapangisha nyumba peke yake au pamoja na shamba. Ukikodisha ardhi ya kilimo iliyo katika eneo la udhibiti, inahitajika idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na maombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mapatano. Andikeni pia nani atachuma majani, na yatapelekwa kwa nambari ya mkulima yupi.

Nikiwa nje, ushuru unanihusu?

Unakuhusu, kwa sababu nyumba iko Kenya. Mkazi ambaye kodi ya nyumba zake za makazi inazidi Sh288,000 kwa mwaka, hadi Sh15 milioni, hulipa asilimia 7.5 ya kodi yote kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Kwa nyumba ya Sh25,000 hiyo ni Sh1,875. Asiye mkazi kisheria hukatwa asilimia 30. Lakini mwenye makao ya kudumu Kenya aliyefika nchini siku yoyote ya mwaka huo bado huhesabiwa mkazi, kwa hiyo thibitisha hali yako na Mamlaka ya Ushuru.

Naweza kupokea wageni wa siku chache, kama wanavyofanya Nanyuki?

Unaweza, ukiwa na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii na kibali cha kaunti. Mwachie msimamizi aliye karibu jukumu la kunakili vitambulisho vya wageni. Awaonye pia wasilale na jiko la makaa ndani miezi ya baridi: hewa yake yenye sumu haina harufu, nayo huua.

Mpangaji akikataa kulipa?

Usiagize mlango ufungwe kwa kufuli wala umeme ukatwe. Kukamata mali kwa ajili ya kodi hufanywa na dalali mwenye leseni, na kumwondoa mtu nyumbani huhitaji notisi na amri ya mahakama.

Nikirudi ghafla, naingia kwangu?

Mkataba ukiwa hai, mpangaji ana haki ya kukaa bila kusumbuliwa, hata na mwenye nyumba. Weka tangu mwanzo kifungu cha kuvunja mkataba kwa notisi, tuseme ya miezi miwili kwa kila upande, na upange utakapolala katika miezi hiyo.