Mpango wa Nishati wa Kaunti: Anza na Jirani

Sheria ya Nishati ya 2019 inaitaka kila kaunti nchini Kenya iandae mpango wake wa nishati na kuuwasilisha kwa Waziri, ili uingizwe katika mpango wa taifa. Kama wewe ndiye afisa uliyetwikwa kazi hiyo, huenda umeshapewa kielelezo cha ripoti na mshauri wa kukijaza. Viweke kando kwanza, umpigie simu mwenzako wa kaunti jirani.

Stima haijui mpaka. Mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana, iliyoko Marsabit, ina uwezo wa megawati 310. Mwaka 2017 ilikuwa imeshasimikwa, lakini laini ya kilomita 428 ya kuupeleka umeme huo Suswa, Narok, haikuwa imekwisha. Mkandarasi alifilisika, na mazungumzo na wenye ardhi yalivuta muda. Laini ilikamilika 2018, na mwekezaji akalipwa fidia ya kucheleweshwa. Kwa hiyo mkikutana, achaneni na dira na kaulimbiu. Tandazeni ramani moja mezani, mfuate laini wadi kwa wadi: hapa ni shamba la mtu, hapa ni ardhi ya jamii, hapa ni malisho ya kiangazi. Kila kipande kiandikiwe nani atakwenda kuzungumza na wenyewe, na lini.

Kifungu cha 189 cha Katiba kinaziruhusu kaunti kuunda kamati za pamoja. Undeni moja, ila iwe ndogo: maafisa wa nishati, ardhi na fedha wa kila upande, pamoja na wahandisi wa KETRACO, kampuni ya laini kuu za umeme, na wa Kenya Power, inayowauzia wateja umeme. Magavana waje siku ya kutia sahihi. Wakianza wao, mtapata picha nzuri za magazeti na ramani tupu.

Halafu pesa. Februari 2025, City Hall, makao ya Kaunti ya Nairobi, ilipokatiwa umeme kwa deni, malori ya kaunti hiyo yalimwaga takataka nje ya makao makuu ya Kenya Power. Kila upande ulikuwa unadai: huku bili za stima, kule ada za kupitisha nyaya. Madai ya aina hiyo yawekwe katika mkataba mmoja, na vitabu vilinganishwe kila robo mwaka. Na kama mna jotoardhi, sheria inaipa kaunti asilimia 20 ya mrabaha na jamii ya mahali hapo asilimia 5. Chanzo kikiwa mpakani, gawaneni kwenye karatasi kabla kisima hakijachimbwa.

Msisahau jikoni. Mwaka 2018 Kitui ilipopiga marufuku biashara ya makaa, lori lilichomwa moto na uhasama ukazuka na wafanyabiashara wa Kiambu. Nia ilikuwa kuokoa miti, na mimi naiunga mkono. Lakini anayepika kwa makaa yuko kaunti nyingine, na marufuku ya upande mmoja haimpi gesi. Toeni notisi mapema kwa kaunti zinazonunua, mkubaliane kuhusu vibali na vizuizi vya barabarani.

Mkikwama, Sheria ya Mahusiano baina ya Serikali ya 2012 inawataka mjaribu kupatana kabla ya kwenda kortini. Andikeni katika mkataba nani ataitwa kusuluhisha na ndani ya siku ngapi, kabla nguzo ya kwanza haijasimikwa.